Sipro, mtindi na kidonge cha kiungulia: uchambuzi wa kisa cha Ramadhani, Pemba

Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa makamo kutoka shehia moja ya pwani, kaskazini mwa Pemba. Jina lake, umri kamili, shehia yake na kituo alichotibiwa vimeondolewa, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwake yamegeuzwa ili asitambulike. Dawa, vipimo na saa za kumeza ni kama zilivyokuwa. Nilikipitia pamoja na wahudumu waliomtibu kwa sababu kililetwa kikaoni kama kisa cha usugu wa dawa, na kadiri tulivyokifungua ndivyo usugu ulivyozidi kukosa nafasi.

Dawa inayohusika ni siprofloksasini, ambayo mitaani huitwa sipro. Ni antibayotiki inayojulikana sana kwetu, kiasi kwamba wapo wanaoitaja kwa jina kabla hata ya kuulizwa wanaumwa nini. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa uangalizi, yaani si ya kutolewa kwa kila homa, kwa vile bakteria huizoea haraka. Kwa hiyo ikishindwa, wazo la kwanza la tabibu huwa ni usugu. Si wazo baya, ila humfanya mtu asitazame pengine.

Mgonjwa na nyumba yake

Tumwite Bi Mkubwa, kama anavyoitwa nyumbani. Analima mwani, ana miaka hamsini na kitu, hedhi imeshakoma, hana sukari wala presha. Tatizo lake la miaka mingi ni kiungulia, hasa akila vya kukaanga. Tiba yake ni vidonge vyeupe vikubwa vya kutafuna, vyenye ladha ya mnanaa, ambavyo watu huviita magnesiamu. Huvinunua dukani vichache vichache na kuvifunga kwenye pindo la kanga, na hatoki nyumbani bila hivyo.

Anayepika na anayemuuguza ni mke wa mwanawe, aliyezaliwa na kulelewa Tanga. Ni lazima tumtaje mapema, kwani kila kilichoharibika na kila kilichotengenezeka kilipita mikononi mwake. Huyu mkwe ni mwangalifu. Alikuwa akiweka kidonge juu ya kisahani kabla ya adhana ya magharibi ili mama asisahau. Na alijua, kama wanavyojua wengi waliokulia Bara, kwamba dawa kali humezwa na maziwa. Hilo hakulizua. Bara, dawa mseto ya malaria ilianza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006, na akina mama walielekezwa kumpa mtoto pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu dawa ile huingia vizuri mwilini ikikutana na mafuta. Ushauri ulikuwa sahihi na bado ni sahihi kwa mseto. Mkwe aliuhamishia kwenye sipro.

Mambo yalivyokwenda

Bi Mkubwa alianza kuumwa katika kumi la mwanzo la Ramadhani. Mkojo ulimchoma, akawa anakwenda haja ndogo kila mara, kisha zikaja homa za jioni na maumivu ya ubavu wa kulia. Siku ya tatu alikwenda kituoni. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari ilikuwa ya kawaida. Kijiti cha mkojo kilionyesha chembe nyeupe na naitraiti, dalili za bakteria katika mkojo. Alipogongwa taratibu ubavuni alishtuka kwa maumivu. Tabibu aliandika maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo, akampa sipro ya miligramu 500, mara mbili kwa siku, siku saba. Kwa mgonjwa wa aina hii, asiyetapika na mwenye mapigo na presha nzuri, hiyo ni tiba inayokubalika.

Dirishani alipewa vidonge kumi na vinne katika kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu: "1 x 2, baada ya chakula." Hakuulizwa kama amefunga. Au tuseme hakukuwa na haja ya kuuliza, maana kituo kizima kilikuwa kimefunga, aliyetoa na aliyepokea. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua maana ya "1 x 2" katika mwezi ambao mtu hali mchana.

Nyumbani utaratibu ulijipanga wenyewe. Kidonge kimoja magharibi, kimoja daku. Magharibi alifungua kwa tende, akanywa gilasi ya mtindi baridi na kumezea dawa papo hapo. Kisha muhogo kwa samaki, katlesi, bajia. Baada ya saa moja kiungulia kilipanda, akatafuna vidonge viwili vyeupe. Akirudi tarawehe alikunywa vikombe viwili vya kahawa chungu na wenzake barazani, na kabla ya kulala, kama saa tano usiku, akatafuna kingine kimoja. Saa tisa aliamshwa daku. Hapa alianza na vile vyeupe viwili kabla ya kula, kujikinga asisumbuke mchana, halafu wali wa usiku, chai ya maziwa, na sipro.

Siku ya pili ya dawa homa ilikuwa pale pale. Siku ya tatu, mtoto wa kiume alisema hiyo dawa ni feki, akaenda duka la dawa akarudi na amoksilini. Bi Mkubwa akawa anameza zote mbili. Baada ya usiku wa nne alirudi kituoni asubuhi, joto juu ya 38, ubavu bado unauma, na safari hii na mwanawe ambaye hakuficha hasira zake.

Kilichoonekana kwenye pindo la kanga

Tabibu wa zamu alikwishaanza kuandika barua ya rufaa, na sababu aliyoiweka ilikuwa usugu. Muuguzi aliyekuwa naye akaomba kwanza aone dawa. Kulikuwa na mashaka mawili ya kuondoa: huenda mama hamezi, au huenda dawa yenyewe ina kasoro. Bi Mkubwa alifungua pindo la kanga akatoa sipro. Matundu yalikuwa manane, kama yanavyotakiwa kwa usiku nne. Kumbe anameza.

Lakini kwenye pindo lile lile kulikuwa na kipande kingine cha vidonge, vyeupe. Muuguzi akaviweka kando bila kusema kitu, akauliza kwa namna ambayo nadhani inafaa kufundishwa:

"Mama, tuanzie jana magharibi. Adhana imelia. Umetia nini mdomoni kwanza?"

"Tende, mwanangu. Halafu mtindi. Na dawa i pale pale, mkwe wangu keshaniwekea."

"Na baada ya futari?"

"Baada ya futari mie hutaabika na kiungulia. Natafuna viwili."

"Kwa hiyo unatumia dawa mbili?"

"Hapana, dawa ni hiyo moja. Na hii aliyoleta huyu mwanangu. Hivi vyeupe si dawa, vya kiungulia tu hivi."

Siku ya kwanza aliulizwa, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" akajibu hakuna, na kadi yake imeandikwa hivyo hivyo. Hakudanganya.

Maamuzi na sababu zake

Mezani zilikuwepo njia tatu. Kumpa rufaa siku ile ile. Kuacha sipro kabisa na kuhamia sindano. Au kuendelea na sipro iliyopangwa upya. Ya kwanza iliwekwa akiba kwa kuwa mama alikuwa anakunywa, hatapiki, na hali yake ya jumla haikuwa ya kutisha. Kati ya mbili zilizobaki walichukua kitu cha katikati: sindano moja ya seftriaksoni, gramu 1, imfunike kwa saa ishirini na nne za mwanzo, huku sipro ikianza kuhesabiwa upya kwa siku saba. Amoksilini ilisimamishwa.

Kabla ya sindano muuguzi alisisitiza mkojo uchukuliwe na kupelekwa hospitali kuoteshwa, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara na kujaribiwa dawa. Mtoto wa kiume alilalamika kwamba wanapoteza muda. Lakini ukishachoma sindano kwanza, mkojo unaweza usioteshe kitu, na hapo usijue kamwe kama dawa ya mwanzo ilikataa au haikufika. Tutaona baadaye jinsi chupa ile ndogo ilivyoubeba uchambuzi huu karibu wote.

Vidonge vya kutafuna vilisimamishwa na mahali pake ikatolewa omeprazoli. Hii hupunguza utengenezaji wa asidi tumboni. Haina ndani yake madini ya kuishika sipro.

Suala la saumu lilichukua muda kuliko yote. Kwa upande wa ratiba ya dawa, sipro haidai mtu afungue: magharibi na daku si kumi na mbili kwa kumi na mbili kamili, lakini inatosha. Kinachodai ni maji. Mtu mwenye homa na figo zinazouma, anayeshinda bila tone la maji katika joto la pwani, anajiongezea taabu. Bi Mkubwa alikataa. Alisema hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu alipokoma hedhi na hatoanza sasa. Tabibu hakubishana naye. Aliomba aitwe shemeji yake, mwalimu wa chuoni, naye akamkumbusha kwa upole kwamba ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, na kwamba siku hizo hulipwa baadaye. Alikubali kufungua kwa siku mbili tu, na kweli siku ya tatu akafunga.

Kwa siku za saumu waliandika ratiba kwa matukio badala ya saa. Adhana ya magharibi: tende, maji, sipro, kisha futari bila mtindi. Baada ya tarawehe, kama saa tatu: hapo mtindi ruhusa. Akiamka daku saa tisa: sipro kwa maji, chakula, chai ya rangi. Kati ya magharibi na mtindi zinapita saa mbili na zaidi, na kati ya mtindi na daku saa sita. Karatasi alipewa mkwe mkononi. Aliambiwa pia kwamba mama akipata maumivu nyuma ya kifundo cha mguu, kwenye mshipa wa kisigino, aache dawa na arudi, kwa sababu sipro ina tabia ya kuidhuru mishipa hiyo, na mama huyu hubeba magunia ya mwani mbichi.

Matokeo

Homa ilishuka ndani ya siku mbili. Maumivu ya ubavu yalichukua siku chache zaidi. Majibu ya maabara yalipofika yalionyesha E. coli, bakteria wa kawaida wa njia ya mkojo: sipro inamuua, seftriaksoni inamuua, amoksilini haimuui.

Mhudumu wa afya wa jamii alipomtembelea nyumbani alikuta mambo mawili yasiyotarajiwa. La kwanza, Bi Mkubwa alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, hana hamu, amekonda uso. Mkwe, baada ya kuambiwa maziwa yakae mbali na dawa, alikuwa ameondoa na tui la nazi nyumbani kote. Hakuna wali wa nazi, hakuna mchuzi wa tui, hakuna maharage ya nazi. Na dagaa nao wameondolewa, maana alisikia kwamba wana kalsiamu. Fikiria futari ya Pemba bila nazi. Ilibidi aelezwe kwamba tui, kwa kiasi kile kile, halifikii hata robo ya kalsiamu iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, na kwamba dagaa ndani ya mlo si tatizo la kumnyima mgonjwa kitoweo.

La pili lilinifurahisha mimi kuliko lilivyomfurahisha mgonjwa. Alisema tangu abadilishiwe saa za dawa halali usingizi na moyo unamwenda mbio usiku. Sipro hupunguza kasi ya ini kuiondoa kafeini mwilini, kwa hiyo vikombe viwili vya kahawa hukaa damuni muda mrefu kuliko kawaida. Siku nne za mwanzo alikunywa kahawa ile ile na akalala vizuri. Sichukulii hilo kuwa ushahidi wa mahakamani, homa nayo ina namna yake ya kumlaza mtu, lakini linaendana na mengine. Aliambiwa aache kahawa mpaka dozi iishe, akalala.

Dozi iliisha bila tatizo jingine.

Uchambuzi: nani aliizuia dawa?

Sipro ina sehemu kwenye umbo lake inayoshikamana na madini yenye chaji kubwa: alumini, magnesiamu, kalsiamu, chuma, zinki. Ikikutana nayo tumboni, viwili hivyo hufungamana, na kilichofungamana hakipiti ukuta wa utumbo. Kinapita njia yake na kutoka. Mgonjwa amemeza kidonge kizima cha miligramu 500, ila kilichoingia damuni ni sehemu tu.

Swali ni sehemu gani, na hapa ndipo kikao chetu kilipogawanyika. Karibu kila aliyesimuliwa kisa hiki aliondoka akisema "kumbe ni mtindi." Mtindi una hatia, ndiyo. Maziwa au mtindi unaonyweshwa pamoja na sipro hupunguza kiasi kinachoingia mwilini kwa karibu theluthi. Kwa dawa ambayo hukusanyika kwa wingi katika mkojo, theluthi si jambo la kupuuza, lakini pekee yake isingetarajiwa kumwacha mgonjwa na homa siku nne. Vidonge vya kiungulia vyenye alumini na magnesiamu, yaani antasidi, ni habari nyingine. Vikitafunwa muda mfupi kabla ya sipro vinaweza kuzuia hata zaidi ya asilimia 80 ya dawa isiingie.

Sasa itazame ratiba yake upya. Kidonge cha magharibi kilimezwa na mtindi, na saa moja baadaye, kikiwa bado kinafyonzwa, kikafuatwa na antasidi mbili. Kidonge cha daku kilikuta tumbo lina antasidi ya saa tano usiku, saa nne tu nyuma, na antasidi mbili nyingine za dakika chache zilizopita, kisha chai ya maziwa juu yake. Cha daku kiliumia zaidi, na hakuna aliyekigusa kwa swali lolote siku ya kwanza.

Kwa hiyo chakula kilichangia mara mbili, na mara ya pili haionekani kwa urahisi. Mtindi ulipunguza moja kwa moja. Bajia na katlesi hazikuigusa sipro hata kidogo. Zilileta kiungulia, na kiungulia kikaleta kidonge kilichoifunga dawa. Ukimuuliza mgonjwa "unakula nini?" utapata bajia na utaona hazina neno. Ni lazima uulize anachokula, halafu uulize anachomeza kwa sababu ya alichokula.

Lingine lililopotoshwa ni "baada ya chakula." Wengi dirishani huliandika kwa mazoea, kumlinda mgonjwa na kichefuchefu. Kwa sipro, chakula cha kawaida hakina ubaya: wali, samaki, muhogo, mboga huichelewesha kidogo kuingia bila kupunguza sana jumla yake. Hata mlo wenye maziwa kidogo ndani yake hauleti shida ile ya gilasi ya mtindi inayonywewa na kidonge mkononi. Tatizo la maneno yale ni kwamba Ramadhani "baada ya chakula" huwa ni dakika ile ile ya mtindi, chai ya maziwa na kiungulia. Miezi mingine angeweza kuimeza saa mbili asubuhi kwa maji, mbali na kila kitu, hata bila kuelekezwa.

Kilichofanya kazi

Kuhesabu matundu kulichukua nusu dakika na kukafuta dhana nzima ya mgonjwa mkaidi. Kumrudisha mama kwenye usiku wa jana, hatua kwa hatua, kulileta kile ambacho swali la "dawa nyingine" halikuleta. Na mkojo uliochukuliwa kabla ya sindano ndio uliotupa jambo la uhakika kuliko yote: baada ya siku nne za sipro, ndani ya mkojo, mahali ambapo dawa hii hujaa kuliko pengine popote mwilini, alikutwa bakteria hai ambaye sipro inamuua. Bakteria huyo hakuwa sugu. Kwa maelezo ya haraka, dawa haikuwepo pale kwa kiasi cha kutosha.

Ningeongeza uamuzi wa kumpa mkwe karatasi badala ya mgonjwa. Kuna vituo ambako anayeuguza huambiwa asubiri nje.

Kilichoshindwa, na kisichojulikana

Seftriaksoni iliharibu usafi wa jibu letu. Homa ilishuka baada ya mambo manne kufanywa kwa pamoja: sindano, saa mpya za sipro, kuondoa antasidi, na maji ya mchana. Hakuna awezaye kusema kwa haki ni lipi lililomponya. Ninachoweza kusema ni kwamba sindano moja haidumu siku saba, na kwamba hakurudi na homa. Kitabibu sindano ilikuwa sahihi. Mtu hawekwi hatarini ili kisa chetu kisomeke vizuri.

Uwezekano wa dawa dhaifu nao haukuondolewa kwa kipimo. Uliondolewa kwa mantiki, kwamba vidonge sita vilivyobaki kwenye kipande kile kile ndivyo alivyoanza navyo dozi mpya, na mambo yakaenda vizuri. Mantiki hiyo inatosha kwa kituo kidogo, ila kwa kuwa sindano ilikuwepo haina nguvu ninayoitaka.

Maelekezo ya "maziwa mbali na dawa" yalitolewa bila mipaka, na yakamla mgonjwa hamu ya chakula kwa siku kadhaa. Katazo lolote la chakula kwetu hapa linatakiwa lije na orodha ya vinavyoruhusiwa, tena vitajwe kwa majina: tui, dagaa, samaki, muhogo, ndizi. Usipovitaja, mwangalizi makini ataviondoa vyote kwa usalama, na ndiye yule yule makini aliyekuwa akiweka kidonge kwenye kisahani.

Na amoksilini. Mtoto alinunua antibayotiki ya pili bila mtu kumuuliza ya nini, kwa bakteria ambaye haimuui. Bahati ni kwamba haikumdhuru.

Kwa dawa nyingine

Watu waliposikia kisa hiki walianza kuogopa maziwa kwa kila antibayotiki. Si hivyo. Amoksilini haijali sana, unaweza kuimeza na chakula au bila chakula. Kloksasilini inataka tumbo tupu, na si kwa ajili ya maziwa peke yake. Naitrofurantoini, inayotumika kwa maambukizi ya kibofu, hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula. Doksisaiklini ni jamaa wa karibu wa tatizo la sipro: maziwa huipunguza kidogo, lakini antasidi na vidonge vya kuongeza damu huipunguza sana, kwa kuwa vidonge vya damu ni chuma. Tena doksisaiklini ina balaa yake ya daku. Ukiimeza kwa funda moja la maji na kurudi kitandani hapo hapo, inaweza kukwama kooni na kuchoma umio, na maumivu ya kumeza yakija watu hudhani ni kiungulia na kutafuna antasidi.

Kwa sipro na vitu vyenye madini, antasidi, vidonge vya damu, zinki, kipimo cha kushika ni hiki: sipro imezwe angalau saa mbili kabla ya hivyo, au saa sita baada yake. Katika usiku wa Ramadhani nafasi hiyo ni finyu mno kwa mtu anayetafuna vidonge vya kiungulia mara tatu, na ndiyo maana walivisimamisha kabisa badala ya kuvipangia saa.

Yaliyobadilishwa kituoni

Kibahasha cha sipro sasa kinaandikwa "kwa maji; si pamoja na maziwa wala dawa ya kiungulia", na mwezi wa Ramadhani huongezwa "magharibi na daku." Kwenye kadi, chini ya swali la dawa nyingine, wauguzi wameongeza kwa mkono maneno "kiungulia, damu, nguvu", kwa sababu hivyo ndivyo vitu watu wanavyomeza bila kuvihesabu.

Maduka ya dawa hayajaguswa. Anayenunua vidonge vinne vya kiungulia hupewa vimekatwa kutoka kwenye karatasi kubwa, mara nyingi upande usio na jina wala maelezo, na muuzaji hana sababu ya kuuliza kama nyumbani kuna mtu yuko kwenye dozi. Tumekubaliana kuanza na maduka yaliyo karibu na kituo, kwa mazungumzo ya ana kwa ana, kabla Shaabani haijaisha.